Bakshishi Si Mshahara: Maswali ya Wasomaji Walioko Kazini Uingereza

Barua za mara hii zimetoka kwa wasomaji walioko Uingereza: wahudumu wa mikahawa na hoteli, wapishi, waosha vyombo, na wachache wenye mikahawa yao wenyewe. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Ile pesa mteja anayoiacha juu ya bili ni ya nani, na mwajiri anawajibika vipi nayo? Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 jibu limo katika Sheria ya Ugawaji wa Bakshishi ya mwaka 2023, inayotumika England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini haimo. Wengi wenu mmeandika "tipu"; sisi tutasema bakshishi, na ile asilimia inayochapwa chini ya bili tutaiita ada ya huduma. Sheria inazichukulia zote mbili kwa namna moja, iwe mteja ana hiari ya kuikataa ada hiyo au amelazimishwa kuilipa.

SWALI: Nina miaka 26 na nahudumia meza. Bosi ananilipa pauni 10 kwa saa. Anasema bakshishi inanivusha kima cha chini, kwa hiyo hakuna kosa. Suruali nyeusi na mashati mawili meupe ya kazini nilinunua kwa pesa yangu. Je, yuko sawa?

JIBU: Hayuko sawa, na mlango huu ulifungwa zamani kabla ya sheria mpya. Tangu Oktoba 2009 bakshishi haihesabiwi hata senti moja katika kima cha chini cha mshahara, iwe imepita kwenye mashine ya kadi, kwenye hati ya mshahara au kwenye kopo la kaunta. Mshahara unapimwa peke yake kwanza. Ukishatimia, ndipo bakshishi inawekwa juu yake.

Kima cha tangu Aprili 2025 hadi Machi 2026 kwa wenye miaka 21 na zaidi ni pauni 12.21 kwa saa, na kwa wenye miaka 18 hadi 20 ni pauni 10. Viwango hupitiwa upya kila Aprili, kwa hiyo tumia kiwango cha mwaka uliofanya shifti hizo. Tuseme unafanya saa 38 kwa wiki. Kwa kiwango hicho unastahili pauni 463.98. Unalipwa 380. Upungufu ni pauni 83.98 kila wiki, hata kama wiki hiyo uliondoka na bakshishi ya pauni 200 mfukoni.

Kuhusu nguo, hapa ndipo waajiri wengi huteleza bila kukusudia. Mwajiri akikutaka uvae rangi fulani ukanunua mwenyewe, gharama hiyo inatolewa kwenye mshahara wako wakati wa kupima kima cha chini. Anayelipwa kima cha chini kamili, akanunua suruali na mashati kwa pauni 45, tayari amelipwa pungufu kwa pauni 45 katika kipindi kile cha malipo. Tunza risiti.

Cha kufanya: chukua hati zako za mshahara na uzigawe mafungu mawili, mshahara upande mmoja na bakshishi upande wa pili. Gawanya fungu la mshahara kwa saa ulizofanya, ukihesabu na zile za kufungua na kusafisha kabla na baada ya wateja. Kama hati haionyeshi mafungu hayo mbali mbali, mwulize mwajiri kwa maandishi. Acas, chombo cha serikali cha ushauri na usuluhishi wa mambo ya kazi, hujibu maswali ya namna hii kwa simu bila malipo. Malalamiko ya kima cha chini yanaweza pia kupelekwa serikalini bila jina lako kufikishwa kwa bosi. Mwajiri anayekutwa na kosa hulipa upungufu wote kwa kiwango cha sasa, na faini juu yake inaweza kufika asilimia 200 ya upungufu huo.

SWALI: Nina mkahawa mdogo wenye wafanyakazi sita. Nimeambiwa lazima niwe na sera ya bakshishi iliyoandikwa. Niandike nini, na nigawe vipi bila kugombanisha watu?

JIBU: Ni kweli, sera ni lazima pale bakshishi inapokuwa jambo la kawaida na si tukio la nadra. Kwa mkahawa, hiyo maana yake ni karibu kila mmoja. Sheria inadai mambo mawili yaonekane ndani yake: kama unawalazimisha au kuwahimiza wateja kutoa bakshishi (ada ya huduma ya hiari kwenye bili ni kuhimiza), na jinsi unavyohakikisha bakshishi inashughulikiwa kwa mujibu wa sheria, pamoja na namna unavyoigawa. Sera iwafikie wafanyakazi wote, wa muda na wa wakala wakiwemo. Ukurasa mmoja unatosha. Sisi tungeongeza mambo manne ambayo mengi ya malalamiko huzaliwa yasipoandikwa: nani yumo na nani hayumo, uzito wa kila kazi, saa zinachukuliwa wapi, na mtu akiona amepunjwa amwone nani.

Kugawa kwa haki hakumaanishi kugawa sawa. Mwongozo rasmi wa serikali unakubali mizani kadhaa: aina ya kazi, saa zilizofanywa, mshahara wa msingi, ubora wa kazi ya mtu au ya kundi, cheo na wajibu, muda aliotumikia, na nia ya mteja. Mwongozo huo unaweza kutolewa kama ushahidi mbele ya baraza la kazi, yaani mahakama ya mashauri ya kazi, kwa hiyo usome kabla ya kupanga. Chagua mizani michache unayoweza kuieleza kwa sentensi moja kila moja. Kwa mkahawa wako tungetumia miwili tu, saa na aina ya kazi, kwa njia ya pointi.

Chukua wiki ambayo bakshishi za kadi na ada ya huduma vimefika pauni 1,350. Mhudumu wa meza unampa pointi 10 kwa saa, mtu wa jikoni pointi 8. Wahudumu watatu wamefanya saa 40, 32 na 24, jumla 96, yaani pointi 960. Wapishi wawili wamefanya saa 40 kila mmoja, pointi 640. Mwosha vyombo amefanya saa 25, pointi 200. Jumla ni pointi 1,800. Gawa pauni 1,350 kwa 1,800 upate pauni 0.75 kwa pointi. Mhudumu wa saa 40 anapata pauni 300, wa 32 anapata 240, wa 24 anapata 180. Kila mpishi anapata 240, na mwosha vyombo 150. Jumlisha tena: 1,350. Kabla ya kulipa, fanya jumlisho hilo la mwisho kila mara, kwa sababu sheria inataka pesa yote itoke. Senti za kukadiria zikibaki kwenye droo wiki 52 mfululizo, unaye mtu anayeweza kukudai.

Yanayoharibika ni haya. Saa zinachukuliwa kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani badala ya saa zilizofanywa kweli, na aliyebaki kumalizia hadi usiku wa manane anapunjwa. Uzito unabadilishwa baada ya wiki kwisha, kwa sababu mtu fulani ameudhi. Badili ukitaka, lakini kwa wiki zijazo na kwa maandishi. Wapya wanaachwa nje hadi wamalize miezi mitatu ya majaribio. Hilo la mwisho na lile la kupima kwa miaka ya utumishi yanahitaji uangalifu mkubwa, kwani yanaweza kuwaumiza zaidi vijana, au akina mama waliorudi kazini baada ya uzazi, na hapo unaingia katika ubaguzi usio wa moja kwa moja hata kama hukuukusudia.

Muda wa kulipa: bakshishi lazima imfikie mfanyakazi kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata ule mteja aliolipa. Iliyotolewa tarehe 1 Agosti na iliyotolewa tarehe 31 Agosti, zote mwisho wake ni tarehe 30 Septemba. Ukilipa mishahara kila tarehe 25, weka bakshishi za Agosti kwenye mshahara wa Septemba na utakuwa salama. Wanaonaswa ni wale wanaokusanya miezi mitatu ili wagawe kabla ya sikukuu kama zawadi. Inaonekana ni ukarimu, lakini pesa ile ilikuwa yao tangu mwanzo.

Kumbukumbu zitunze miaka mitatu tangu tarehe ya bakshishi: kiasi kilichoingia na jinsi kilivyogawiwa. Jedwali la kompyuta lenye safu za tarehe, kiasi cha kadi, ada ya huduma, jina, saa, pointi na malipo linatosha kabisa. Ukifungua tawi la pili, lifungulie jedwali lake. Bakshishi iliyoachwa katika mkahawa mmoja ni ya waliofanya kazi katika mkahawa huo, na huwezi kuihamisha kufidia tawi lililo na wateja wachache.

Jambo moja zaidi. Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 2025 imeweka wajibu wa kushauriana na wafanyakazi au chama chao kabla ya kutunga sera, na wa kuipitia upya angalau kila miaka mitatu. Usingoje mtu akushurutishe. Kaa nao nusu saa kabla ya kufungua, uweke ule mfano wa pauni 1,350 mezani, waulize kama 10 kwa 8 ni haki. Mwosha vyombo atakuwa na la kusema.

SWALI: Meneja wetu anakata asilimia 3 ya bakshishi kwa ajili ya mashine ya kadi. Sahani ikivunjika, inakatwa humo humo. Wiki iliyopita wateja wanne walikimbia bila kulipa, pia ikatoka kwenye bakshishi.

JIBU: Makato yote matatu hayaruhusiwi kwenye bakshishi. Kinachoweza kutoka humo ni kile tu ambacho sheria nyingine inakitaka, hasa kodi. Gharama ya mashine ya kadi ni gharama ya biashara kama umeme na kodi ya pango. Hata ile sehemu ya mwajiri ya mchango wa bima ya taifa ni mzigo wake mwenyewe.

Huenda akajaribu kuhamishia makato ya wateja waliokimbia kwenye mshahara. Hapo kuna kanuni tofauti. Kwanza, lazima uwe ulikubali kwa maandishi kabla ya tukio, kwa mkataba au kwa barua. Pili, kwa kuwa wewe unahudumia wateja ana kwa ana, makato ya upungufu wa pesa hayawezi kuzidi asilimia 10 ya mshahara wako ghafi wa siku hiyo ya malipo. Tatu, hata ndani ya asilimia hizo, mshahara unapimwa kwa kima cha chini. Bili ya pauni 160 iliyokimbiwa haiwezi kukatwa yote Ijumaa moja kwa mtu aliyepata pauni 450. Upeo ni 45, na kama alikuwa analipwa juu kidogo tu ya kima cha chini, kwa kawaida hata hizo 45 hazikatiki zote.

SWALI: Naosha vyombo. Wahudumu wanasema mteja humpa yule anayemwona, kwa hiyo jikoni hatustahili kitu. Kuna pia kopo la fedha taslimu kwenye kaunta ambalo hatuligusi.

JIBU: Inategemea pesa imepita mikononi mwa nani. Bakshishi ya kadi na ada ya huduma inaingia kwa mwajiri, kwa hiyo anaigawa kwa haki na kwa uwazi, na kulitupa jikoni lote nje bila sababu iliyoandikwa ni jambo gumu kulitetea. Nia ya mteja ni moja tu kati ya mizani. Mteja aliyekula vizuri amekula chakula kilichopikwa, kwenye sahani iliyooshwa.

Kopo lina hali mbili. Kama wahudumu wanaligawana wenyewe usiku na mwajiri haingilii, liko nje ya sheria hii na huna dai. Kama meneja ndiye anayelifungua, anayehesabu au anayesema nani apate ngapi, basi pesa ile iko chini ya udhibiti wa mwajiri na inafuata kanuni zote: sera, kumbukumbu, tarehe ya mwisho. Vivyo hivyo kwa zile kadi za kuskani kwa simu. Pesa ikienda moja kwa moja kwa mhudumu bila mwajiri kuwa na sauti, ni yake. Mwajiri akiamua inakwendaje, imeingia kwenye hesabu. Kwa hiyo jicho lako liangalie mkono unaolifungua kopo.

SWALI: Niliacha kazi hotelini katikati ya mwezi wa Juni. Bakshishi za Mei na Juni sijaziona. Nikiuliza naambiwa "ukiondoka umeziacha".

JIBU: Haki ya kulipwa bakshishi haifi kwa kuacha kazi. Uliyoifanyia kazi ni yako, na kifungu chochote cha mkataba kinachosema umeisamehe hakina nguvu. Ya Mei ilipaswa kulipwa kabla ya Juni kwisha, ya Juni kabla ya Julai kwisha.

Anza kwa barua pepe fupi kwa mwajiri, kwa Kiingereza, yenye maana hii: "Nilifanya kazi kwenu hadi tarehe fulani Juni. Naomba nilipwe bakshishi na ada ya huduma za Mei na Juni. Naomba pia kumbukumbu za miezi hiyo miwili: jumla ya bakshishi iliyopokewa katika hoteli niliyofanya kazi, na kiasi nilichogawiwa mimi." Weka tarehe. Ombi la kumbukumbu lina mipaka yake. Liwe kwa maandishi, lihusu miezi iliyokwisha kabisa ndani ya miaka mitatu iliyopita, na unaruhusiwa moja tu kwa kila miezi mitatu. Usilitumie, basi, kwa mwezi mmoja wakati unahitaji miwili. Mwajiri ana wiki nne za kujibu. Utapewa jumla ya mahali pale na fungu lako, lakini za wenzako mmoja mmoja hawalazimiki kukuonyesha.

Ukipata namba, zipime. Kama hoteli ilipokea pauni 9,000 na wafanyakazi walikuwa 20, fungu la pauni 60 kwa mtu aliyefanya saa 160 linadai maelezo.

Wasipolipa, hatua inayofuata ni Acas, kwa usuluhishi wa awali ambao ni lazima upitie kabla ya baraza la kazi. Haulipiwi. Kwa malalamiko ya kutogawiwa au kutolipwa bakshishi una miezi 12. Kwa kunyimwa sera au kumbukumbu muda ni mfupi zaidi, kwa hiyo usilale. Baraza linaweza kumwamuru mwajiri alipe, agawe upya, na tena akulipe fidia ya hadi pauni 5,000 kwa hasara uliyopata kwa sababu ya kosa lake, kwa mfano faini ya benki au riba ya mkopo uliochukua kwa kuikosa pesa yako. Hasara hiyo lazima uithibitishe. Weka taarifa za benki.

SWALI: Tumetangaziwa kwamba kuanzia mwezi ujao bakshishi itapitia "tronki". Ni kitu gani, na tunapoteza au tunapata?

JIBU: Tronki ni mfuko wa pamoja wa bakshishi unaoendeshwa na mtu asiye mwajiri. Anaweza kuwa mfanyakazi mwenzenu mliyemwamini au mhasibu wa nje. Mwajiri anaukabidhi mfuko pesa yote, na msimamizi wa tronki ndiye anayeamua nani apate ngapi. Mfuko unakuwa na mfumo wake wa kukata kodi ya mapato, PAYE, tofauti na ule wa mwajiri.

Faida iko kwenye michango ya bima ya taifa. Mwajiri akigawa mwenyewe bakshishi ya hiari iliyopita mikononi mwake, mchango unakatwa kwa pande zote mbili: tangu Aprili 2025 mwajiri asilimia 15, na mfanyakazi asilimia 8 kwa sehemu kubwa ya mapato yake. Tronki ikiwa huru kweli, mchango haukatwi kwenye bakshishi hiyo. Kodi ya mapato inabaki palepale. Kwa mhudumu wa pauni 300 kwa wiki katika mfano wetu wa juu, asilimia 8 ni pauni 24 kila wiki.

Neno lenye uzito ni "huru". Bosi akimpa msimamizi orodha ya majina na asilimia, akamwambia atie saini, hiyo ni tronki ya jina tu. Mamlaka ya kodi ikilibaini inaweza kudai michango yote ya nyuma. Ulizeni mambo matatu kabla ya mwezi ujao. Msimamizi ni nani na alichaguliwaje? Kanuni za ugawaji zimeandikwa wapi? Na mtu asiporidhika, anakata rufaa kwa nani? Msikubali pia mshahara wa msingi ushushwe kwa maelezo kwamba tronki itafidia. Mshahara ni ahadi ya mkataba na haubadilishwi bila ridhaa yako, wakati fungu la tronki linapanda na kushuka na wateja, na Januari hushuka sana.

SWALI: Nafanya shifti kupitia wakala, leo hoteli hii kesho ile. Wananiambia bakshishi ni ya "wafanyakazi wetu".

JIBU: Sheria inakutaja wazi. Mfanyakazi wa wakala anaingia kwenye mgao wa mahali alipofanya kazi kama wengine. Hoteli inaweza kukulipa moja kwa moja au kupitia wakala, na wakala anapaswa kukupitishia yote bila kukata ada yake. Andika kila shifti: tarehe, hoteli, saa ya kuingia na kutoka. Bila daftari hilo hutajua utume ombi la kumbukumbu wapi.

SWALI: Meneja wetu anahudumia meza mbili tatu kila Jumamosi na anachukua fungu kubwa kuliko sisi. Mwenye mkahawa naye anajiwekea fungu. Inaruhusiwa?

JIBU: Hawa wawili tuwatenganishe. Meneja ni mfanyakazi, na sheria ya Uingereza haimkatazi kupata. Cheo na wajibu vimo katika mizani. Lakini mgao wake lazima usimame kwenye kanuni ile ile iliyoandikwa. Kama sera inagawa kwa saa za kuhudumia, na yeye amehudumia saa 6 kati ya 45, ahesabiwe 6. Saa alizokaa ofisini akipanga ratiba analipwa kwa mshahara wake wa umeneja.

Mwenye biashara ni habari nyingine. Bakshishi inagawiwa wafanyakazi. Anayemiliki mkahawa kwa jina lake mwenyewe si mfanyakazi wa mkahawa huo, hata akibeba sahani tangu asubuhi hadi usiku. Pauni anayojiwekea kutoka kwenye mfuko wa pamoja ni pauni ambayo hakuigawa.

SWALI: Ndugu yangu yuko Marekani na anasema analipwa dola 2.13 kwa saa kihalali. Inawezekanaje, kama bakshishi si mshahara?

JIBU: Marekani wamechukua njia iliyo kinyume kabisa, ndiyo maana ushauri wa mhudumu wa kule haufai kutumiwa London, wala wa London kule. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kulipa dola 2.13 taslimu, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, na kuhesabu bakshishi ya mfanyakazi hadi dola 5.12 kwa saa ili kufikia kima cha shirikisho cha dola 7.25. Inawahusu wale ambao kwa kawaida hupata bakshishi inayozidi dola 30 kwa mwezi, na mwajiri lazima awaarifu mapema kwamba anatumia utaratibu huo. Asipowaarifu, hana haki ya kuutumia.

Kinachosahaulika ni kwamba bakshishi isipofika, mwajiri anajazia. Mwambie ndugu yako apige hesabu hii kila wiki. Saa 30 kwa dola 7.25 ni 217.50. Amelipwa 30 kwa 2.13, yaani 63.90, na bakshishi imekuwa 120. Jumla 183.90. Bosi anadaiwa dola 33.60 katika malipo ya wiki hiyo.

Tofauti nyingine kubwa ni mameneja. Tangu mabadiliko ya mwaka 2018, mwajiri, meneja au msimamizi wa Marekani haruhusiwi kuchukua chochote katika bakshishi za wafanyakazi. Anabaki na ile tu aliyopewa kwa huduma aliyoitoa yeye mwenyewe peke yake. Ada ya huduma ya lazima kule haihesabiwi kuwa bakshishi, ni mapato ya mwajiri, isipokuwa sheria ya jimbo iseme vingine. Na majimbo yana mengi ya kusema: Alaska, California, Minnesota, Montana, Nevada, Oregon na Washington hayaruhusu ile hesabu ya dola 2.13 hata kidogo, mwajiri analipa kima kamili cha jimbo kabla ya bakshishi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwuliza ndugu yako ni jimbo analofanyia kazi.

SWALI: Nasuka nywele katika saluni. Nakodi kiti na nalipa kila wiki. Mwenye saluni ana haki na bakshishi yangu?

JIBU: Ukikodi kiti, unajipangia bei na unatoa hesabu zako za kodi mwenyewe, wewe umejiajiri, na sheria ya 2023 haikuhusu. Wateja ni wako na bakshishi ni mapato yako, uyaandike katika hesabu zako za mwaka. Mteja akilipa kwa kadi kwenye mashine ya saluni, kinachowaongoza ni makubaliano yenu ya kukodi, kwa hiyo yaandikeni: bakshishi ya kadi itakabidhiwa siku gani na nani anabeba gharama ya mashine. Lakini kama mwenye saluni ndiye anayekupangia saa, bei na wateja, na huwezi kumtuma mwingine akushikie zamu, huenda kisheria wewe ni mfanyakazi wake, hata kama karatasi inasema unakodi kiti. Mpigie simu mshauri wa Acas umweleze siku yako ilivyo tangu kufungua mlango hadi kufunga.